MBAAZI ZILINIFUNZA ADABU

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusikia msemo kwamba asiyetembea hudhani ni mamaye tu ajuaye kupika. Msemo huu hutumiwa kumcheka mtu ambaye hajawahi kutoka kwao. Mimi yangu yalikuwa kinyume. Kabla sijatembea popote nilidhani ni mamangu tu asiyejua kupika! Ilinibidi nisafiri zaidi ya kilomita 400, kutoka hapa Machakos mpaka Mombasa, ndipo nikajua thamani ya sufuria ya mama.

Watu wanaonijua wataniambia, "Wewe mpenda kula, huna jambo jingine la kuandika?" Naam, mimi ni mpenda kula na sioni haya kusema hivyo. Lakini katika makala haya sitaki kuwatia wenzangu mate tu. Nataka kueleza mambo niliyojifunza kuhusu chakula cha nyumbani, cha njiani na cha hotelini, namna kinavyopikwa na mahali kilikotoka. Pia nataka kuungama kosa moja.

KIBANDA CHA MAMA

Wengi wenu mnakijua kibanda kile cha mabati karibu na stendi ya matatu. Pale huuzwa chai, chapati, madondo, mbaazi na muthokoi. Kwa wale ambao hawatoki Ukambani, muthokoi ni mahindi makavu yaliyotolewa maganda. Zamani mahindi yalitiwa maji kidogo, yakatwangwa kwa kinu hadi ganda la juu likabambuka, kisha yakapepetwa. Siku hizi kuna mashine zinazofanya kazi hiyo, lakini nyanya yangu angali anatumia kinu. Baada ya hapo muthokoi huchemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi hadi uwe laini. Tofauti yake na githeri ni hiyo tu: githeri hupikwa na maganda yake, muthokoi hauna.

Mwenye kibanda hicho ni mamangu mzazi. Yeye hudamka saa kumi za usiku kuwasha jiko, na karo yangu hutoka katika sufuria zile. Hayo nilikuwa nayajua vizuri sana. Hata hivyo niliona haya. Shati langu la shule lilinuka moshi, na kuna kijana mmoja darasani aliyekuwa akiniita "Mbaazi". Mimi nilijichekesha tu, lakini moyoni niliumia.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Muhula wa pili, baada ya mechi ya kandanda, nilikuwa na marafiki wawili pamoja na kijana mgeni wa shule nyingine. Njaa ilikuwa imetubana kwelikweli. Wakaingia kibandani kwa mama kabla sijapata hila ya kuwapeleka kwingine. Yule mgeni akanitazama, akamtazama mama, akaniuliza, "Huyu ni mamako? Mnafanana."

Nikajibu, "La! Ni mama wa kibanda tu."

Mama alikuwa anapakua. Upawa ukasimama kidogo juu ya sufuria, kisha ukaendelea. Akatuletea sahani nne na kusema, "Karibuni wanangu, muthokoi ungali moto." Tulipomaliza, kila mtu akatoa pesa zake. Mimi nami nikatoa zangu, na mama akazipokea na kunirudishia chenji kama mteja mwingine yeyote. Pesa zile alikuwa amenipa yeye mwenyewe asubuhi.

Usiku ule nyumbani hakulitaja jambo hilo, nami sikulitaja. Ingekuwa heri angalau angenigombeza.

CHAKULA CHA NJIANI

Likizo ya Agosti ilipofika, mjomba wangu ambaye ni dereva wa lori alikubali kunichukua hadi Mombasa kwa shangazi. Tulijihimu alfajiri na mapema. Nyuma ya lori kulikuwa na magunia mengi ya mbaazi kavu, kwani huo ndio wakati wa mavuno yake. Nilipanda juu ya magunia hayo kusaidia kuyafunga kamba, wala sikujiuliza mbaazi zote zile zinakwenda kuliwa na nani.

Barabara ya Mombasa ni darasa kwa mpenda kula. Katika vituo kama Sultan Hamud, Emali na Mtito Andei, gari halijasimama vizuri tayari wachuuzi wako dirishani na machungwa, ndizi, mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha. Mtito Andei ni kama katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, kwa hiyo mabasi mengi husimama hapo abiria wale. Mjomba alinipa kanuni tatu za kula njiani. Kwanza, uliza bei kabla ya kuonja. Pili, chagua chakula ambacho kingali moto au kile unachokiambua mwenyewe, kama yai na ndizi. Tatu, kula mahali ambapo madereva wengi wamesimama, kwa maana dereva hatarudi mahali palipompa tumbo la kuendesha.

Lakini sisi tulisimama Makindu. Hapo pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, kando ya ile reli ya zamani. Msafiri yeyote, wa dini yoyote na kabila lolote, hukaribishwa kula bila malipo. Mimi sikuamini! Nilidhani mjomba ananifanyia mzaha. Tulivua viatu, tukafunika vichwa kwa vitambaa na kunawa mikono. Tukapewa chapati, dengu, wali na chai ya maziwa. Nyama haipikwi pale, na pombe na sigara haviruhusiwi kabisa. Sharti jingine ni kwamba usiache chakula kwenye sahani, kwa hiyo uchukue kile utakachomaliza. Anayetaka kutoa sadaka hutoa, asiyekuwa nayo huenda zake kwa amani.

Mzee mmoja aliyekuwa akigawa chapati alikuwa amevaa nguo safi na saa nzuri. Nikamwuliza mjomba kwa sauti ya chini kama yule ni mpishi. Mjomba akaniambia kwamba kwa Masingasinga, kumpakulia mgeni chakula ni heshima, na hata tajiri huja kujitolea kukanda unga na kuosha vyombo. Nilinyamaza. Nilikumbuka upawa wa mama uliosimama juu ya sufuria, na chapati ikanikwama kooni kidogo.

KIAMSHAKINYWA CHA MOMBASA

Tulifika Mombasa jioni. Mjomba aliteremsha magunia yake soko la Kongowea, nami nikapelekwa kwa shangazi huko Kisauni. Kesho yake asubuhi binamu yangu alinipitisha mjini kunionyesha Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593. Tulipokuwa tunapita vichochoroni njaa ilinishika, tukaingia katika hoteli moja ndogo iliyojaa watu.

Hapa nieleze kwamba sisi Wakenya tukisema "hoteli" mara nyingi tunamaanisha mahali pa kula tu, wala si lazima pawe na vyumba vya kulala. Nilikaa kitako kama bwana mkubwa, nikitaka kuagiza mayai na soseji ili nikirudi niwatambie wenzangu. Bahati nzuri nilikumbuka kanuni ya kwanza ya mjomba, nikauliza bei. Loo! Pesa zangu hazikutosha hata nusu. Binamu yangu akacheka, akamwambia mhudumu, "Mletee mbaazi kwa mahamri."

Nikaruka. "Mbaazi? Nimetoka nyumbani mpaka hapa nije nile mbaazi?"

Mhudumu akaweka mezani bakuli la mchuzi mzito wenye rangi ya manjano, na sahani ya mahamri yaliyofura kama mito midogo. Nikamega hamri, nikachovya. Wacha nikwambie, msomaji, ulimi wangu ulishangaa. Zilikuwa laini, zikawa na utamu wa nazi na ukali wa pilipili kwa mbali. Nilikomba bakuli mpaka likang'aa. Meza ya jirani alikaa bwana mmoja aliyevaa suti na tai, naye anakula mbaazi hizo hizo kabla ya kwenda ofisini. Hakuna aliyekuwa akimcheka.

Nilipokuwa nalipa nilimwuliza mhudumu mbaazi zile ni za namna gani, maana za kwetu haziko hivyo. Akanitazama. "Wewe watoka wapi?" Nikamwambia Machakos. Akaangua kicheko, akasema, "Basi wajiuliza nini? Mbaazi hizi zatoka kwenu. Sisi hapa twatia nazi tu."

Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende. Kumbe nilikuwa nimesafiri siku nzima pamoja na kiamshakinywa changu nyuma ya lori.

NAMNA YA KUPIKA MBAAZI ZA NAZI

Shangazi aliposikia kisa hicho alinipeleka kwa bibi mmoja jirani ambaye huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi barazani pake. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Nasikia wataka kujifunza kupika. Haya, vua saa hiyo, kaa hapa kwenye mbuzi."

Nilitafuta mbuzi mwenye pembe, kumbe mbuzi ni kile kibao cha kukalia chenye chuma cha meno mbele, kinachotumiwa kukuna nazi! Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baada ya hapo alinifunza kwa utaratibu huu:

Kwanza, chukua vikombe viwili vya mbaazi kavu. Zichague uondoe mawe na zilizotobolewa na wadudu, uzioshe, kisha uziloweke usiku kucha. Mbaazi zilizolowekwa huiva upesi, na hivyo hupunguza makaa.

Pili, mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya, uzichemshe mpaka zibonyee ukiziminya kwa vidole viwili. Usiwe na haraka. Mbaazi mbichi ndani haziponi kwa nazi.

Tatu, kuna nazi mbili. Tia maji ya uvuguvugu katika nazi iliyokunwa, ukamue kwa mikono, uchuje kwa kifumbu au chujio. Hilo la kwanza ni tui zito, liweke kando. Tia maji tena katika yale machicha, ukamue mara ya pili. Hilo ni tui jepesi. Machicha yanayobaki wape kuku.

Nne, tia katika mbaazi kitunguu kilichokatwakatwa, pilipili mbichi moja au mbili, manjano kijiko kidogo, chumvi, pamoja na tui jepesi. Acha vichemke mpaka kitunguu kilainike na mchuzi upungue.

Tano, punguza moto. Sasa tia tui zito, ukoroge polepole bila kuacha mpaka mchuzi uwe mzito, kisha uipue.

Nilimwuliza bibi kwa nini tui zito litiwe mwisho na lisitokoswe kwa moto mkali. Akaniambia, "Litakatika." Maana yake ni kwamba mafuta ya nazi hujitenga na maji, mchuzi ukawa na mabonge juu na maji chini. Tui zito lina mafuta mengi, ndiyo sababu moto mkali huliharibu upesi. Tui jepesi lina mafuta machache, kwa hiyo ndilo linalofaa kwa ile kazi ya kuchemka muda mrefu. Ukijua sababu hiyo moja utaweza kupika wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mchicha wa nazi pia.

HAMIRA NA SOMO LA BIOLOJIA

Mahamri nayo yamenifanya nilipende somo la biolojia. Jina lenyewe lina uhusiano na hamira, ambayo ni neno lililotoka katika Kiarabu. Unga wa ngano huchanganywa na sukari, iliki iliyotwangwa, hamira na tui la nazi, ukakandwa vizuri, ukafunikwa mahali penye joto mpaka uumuke.

Sisi wa kidato cha tatu tumefundishwa kwamba hamira ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Hula sukari na kutoa gesi ya kabonidioksidi. Gesi hiyo ikinaswa ndani ya unga, unga huinuka. Kama maji ni ya moto mno hamira hufa, na unga hukaa vile vile kama udongo. Kama ni baridi mno, hulala, ukasubiri mpaka uchoke.

Unga ukishaumuka hukatwa madonge, ukasukumwa na kukatwa pembe nne nne, kisha hukaangwa katika mafuta yaliyopata moto. Hapo maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke ghafla, na hamri hufura likawa na uwazi ndani. Mafuta yasipopata moto vizuri hamri hunywa mafuta na kubaki bapa. Ya kwanza niliyoyakaanga mimi yalikuwa hivyo. Bibi aliyaita "ndala".

Kuna vijana wawili waliopita barazani wakanicheka, ati mwanamume jikoni. Bibi akawauliza, "Na hiyo pilau ya arusi mwaila, mwadhani yapikwa na nani?" Wakanyamaza. Kwa kweli huko pwani, pilau ya arusi inayopikwa kwa masufuria makubwa ya watu mamia, mara nyingi wapishi wake ni wanaume. Tumbo halina mwanamume wala mwanamke.

PILAU NA BIRIANI SI KITU KIMOJA

Huku kwetu bara watu wengi huchanganya pilau na biriani. Mimi pia nilikuwa hivyo. Pilau ni chakula cha sufuria moja. Vitunguu hukaangwa mpaka viwe vya rangi ya kahawia, hutiwa nyama, kitunguu saumu, tangawizi, na viungo kama jira, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, kisha mchele huivia katika supu hiyo hiyo. Ndiyo maana kila punje ya pilau ina rangi na ladha ya nyama.

Biriani hupikwa mara mbili. Wali hupikwa peke yake, na nyama hupikwa peke yake katika mchuzi mzito wenye maziwa ya mgando, nyanya na vitunguu vya kukaanga. Hukutana wakati wa kupakua. Wapishi wengi hutia papai bichi katika nyama ili iwe laini. Hii si imani tu, kwani papai bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini ya nyama. Majina yote mawili, pilau na biriani, yana asili ya Kiajemi.

VYAKULA VYETU VIMETEMBEA KULIKO SISI

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba vingi vya vyakula tunavyoviita vyetu ni wasafiri. Mahindi, ambayo bila hayo hakuna ugali, githeri wala muthokoi, asili yake ni bara la Amerika. Mhogo pia ulitoka Amerika ya Kusini na kuletwa Afrika na Wareno. Mbaazi asili yake ni Bara Hindi. Chapati zilienea huku pamoja na Wahindi. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901, ilipojengwa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kufanya kazi hiyo. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na mapishi yao yakabaki nao. Leo ni nyumba gani ya Mkenya isiyopika chapati siku ya Krismasi?

Kwa hiyo yule anayecheka chakula cha kabila jingine anacheka bila kujua. Hata sahani yake imejaa wageni.

Na mbaazi zilikuja zikapata makao Ukambani kwa sababu nzuri. Mmea wake una mizizi mirefu inayofuata unyevu chini ya ardhi, kwa hiyo hustahimili ukame ambapo mahindi hukauka. Tena mizizi hiyo hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Nyanya hupanda mbaazi katikati ya mistari ya mahindi mvua za vuli zinapoanza. Mahindi yakishindwa, mbaazi ndizo hutuokoa.

TAHADHARI

Sitakuwa nimewatendea haki wasomaji nisipotaja jambo hili. Chakula kitamu kinaweza kuua kisipohifadhiwa vizuri. Mwaka wa 2004, katika sehemu zetu hizi za Makueni, Kitui, Machakos na majirani zetu wa Thika, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Haiondoki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo kausha mahindi vizuri kabla ya kuyatia ghalani, yaweke juu ya mbao wala si sakafuni, na ukiona yameota kuvu usiyale wala usimpe ng'ombe. Mama huwarudishia wachuuzi gunia zima akiona punje zimebadilika rangi. Zamani nilidhani ni ubishi wake. Sasa najua kwamba alikuwa akiwalinda wateja wake, nami nikiwa mmoja wao.

KURUDI NYUMBANI

Nilirudi Machakos na nazi sita, kifumbu kimoja na mbuzi ya kukunia niliyopewa na bibi. Mama alipoiona alifikiri ni kigoda kilichoharibika. Jumamosi ya kwanza nilimwomba aniachie sufuria moja. Nikapika. Kwa kujiona fundi sikupunguza moto, tui likakatika lote, mchuzi ukafanana na maji ya kuoshea vyombo. Mama alionja, akasema, "Ina chumvi ya kutosha." Hilo ndilo jema pekee aliloliona.

Jumamosi ya pili nilipunguza moto, nikakoroga bila kuacha mpaka mkono ukaniuma. Zamu hii zilikuwa mbaazi za nazi kamili. Makanga wa kwanza aliyeonja aliita wenzake. Kufikia saa tatu asubuhi sufuria ilikuwa tupu, na mama akaniuliza nazi zimebaki ngapi.

Nilipokuwa naosha sufuria hiyo nilimwambia, "Mama, ile siku ya mpira nilikukana." Nilitaka kuongeza maneno mengi niliyokuwa nimeyapanga tangu Makindu, lakini hayakutoka. Mama aliendelea kupanguza meza. Kisha akasema, "Nilisikia. Nilidhani pengine umeona haya kwa sababu leso yangu ilikuwa imechanika." Msomaji, ningepigwa kofi nisingeumia vile. Miezi yote ile alikuwa akidhani kosa ni la leso yake.

Siku hizi kila Jumamosi mimi ndiye mpishi wa mbaazi. Nazi hapa Machakos ni ghali kuliko Mombasa, kwa hiyo bei tumeipandisha kidogo, lakini wateja hawajalalamika. Yule aliyekuwa akiniita "Mbaazi" angali ananiita hivyo, na huja kula mara kwa mara. Hata yule mgeni wa shule nyingine alipita muhula huu. Alinikuta nimevaa aproni, nikiwa na upawa mkononi, akauliza kama sasa nimeajiriwa pale. Nikamwambia, "Hapa ni kwetu. Huyu ni mamangu. Keti nikupakulie."

Kabla sijaweka kalamu chini, nina shauri kwa wenzangu. Ukipata nafasi ya kutembea, tembea na ule vyakula vya watu. Uliza bei, nawa mikono, na uulize kilivyopikwa, kwa sababu wapishi hupenda kuulizwa. Lakini kabla ya kwenda, uliza kwanza jikoni kwenu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilikuwa karibu kuwa mtumwa wa soseji na mayai ambayo hata pesa za kuyanunulia sikuwa nazo.

Anayetaka kuonja aje Jumamosi kabla ya saa tatu. Walimu pia wanakaribishwa. Kwa mkopo hatuuzi.